"Siwezi" na "sijaweza": maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kumjenga mtoto afikirie chanya nyumbani

Nilifundisha shule ya msingi miaka tisa, sa hivi niko Mbagala nauza vitenge na nalea watoto wanne, watatu wa kwangu na mmoja wa dada yangu. Haya maswali nimeulizwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye vikoba, hata kwenye daladala nimewahi kuulizwa na mama mmoja alosikia naongea na kitindamimba wangu. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe narudia rudia kila siku. Mi si daktari, nimesoma nilivyoweza na nimekosea sana kwa wa kwangu, ndo maana naongea.

Fikra chanya ndo nini hasa? Si kumfundisha mtoto ajifanye kila kitu kiko poa?

Hapana, na hapa ndo wengi tunapoteleza. Mtoto kapoteza begi la shule analia, sisi tunamwambia "usijali, nyamaza, cheka basi". Hiyo ni kumnyamazisha, haina uchanya wowote. Mtoto mwenye fikra chanya begi likipotea analia vizuri tu, ila akimaliza kulia anauliza "tukalitafute wapi?". Mi naangalia hicho kinachokuja baada ya machozi.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Martin Seligman, mwaka 1967 yeye na mwenzake Steven Maier walifanya jaribio la mbwa, jaribio lenyewe lina ukatili ila funzo lake kubwa. Mbwa wengine walipigwa shoti za umeme na walikuwa na namna ya kuzizima, wengine wakapigwa shoti zile zile ila wafanye wasifanye hazizimiki mpaka zikatike zenyewe. Kesho yake wakawekwa wote kwenye boksi ambalo ukiruka kakizuizi kafupi tu umepona. Wale wa kwanza wakaruka. Wale waliozoea kwamba hakuna kinachosaidia, wengi wao walilala chini wakalia tu, na njia iko wazi mbele yao. Seligman akatumia miaka mingi baadae kuangalia hiki kitu kwa binadamu, akaona kwamba kinachomlaza mtu chini sana sana ni ile sababu anayojipa kichwani kuhusu balaa lililompata. Mtoto akifeli hesabu anaweza kujiambia "mi kilaza", hiyo ni ya milele na inagusa kila kitu. Au anaweza kujiambia "hesabu za sehemu sijazielewa", hiyo ina dawa.

Kwaiyo nikisema fikra chanya hapa namaanisha hiyo ya pili.

Mtoto wangu kila kitu ni "siwezi". Nifanyeje?

Hili ndo swali naloulizwa kuliko yote na ndo nalolipenda kuliko yote, nivumilieni ntaongea sana.

Kiswahili chetu kina kitu ambacho wenzetu wa lugha nyingine wanakitafuta kwa tochi. Mtoto anasema "siwezi". We mrudishie hilo hilo neno ila limebadilika kidogo: "hujaweza". Basi. Sikiliza tofauti, "siwezi kufunga kamba za viatu" ni mlango umefungwa na kufuli, "sijaweza kufunga kamba za viatu" ni mlango umeegeshwa. Ile *ja* ndani ya neno inabeba "bado", inabeba "ipo siku", na mtoto wa Kiswahili anaielewa tangu mdogo maana ndo ileile ya "chakula hakijaiva", hajawahi kusikia chakula hakijaiva akadhani hakitaiva milele. Profesa mmoja wa Marekani, Carol Dweck, amejulikana dunia nzima kwa kufundisha watu waongeze neno moja la "bado" mwisho wa sentensi. Sisi tunalo ndani ya kitenzi bibi zetu wametuachia bure.

Ila msifanye kosa langu. Mi nilianza kwa fujo, kila mtoto akisema siwezi nadakia "hujaweza!" kama askari wa trafiki, mpaka kijana wangu wa darasa la tano akawa ananikwepa. Neno peke yake ni mapambo. Baada ya "hujaweza" lazima kije kipande kidogo ambacho ANAWEZA leo. Tebo ya saba hajaweza, haya, saba mara mbili anajua? Anajua. Saba mara tatu? Anahesabu kwa vidole, anapata ishirini na moja. Simama hapo, funga daftari, nendeni mkale. Kesho yake endeleeni na mara nne. Mtoto anaondoka mezani akiwa na ushahidi mkononi kwamba jana hakuweza na leo kaweza, na ushahidi wa hivyo unambadilisha kuliko hotuba za wazazi.

Kitu kingine, msikilize anasema siwezi NINI. Mara nyingine siwezi maana yake nimechoka, au nina njaa, au naogopa utanipigia kelele nikikosea. Wangu wa tatu alikuwa anasema siwezi kusoma kumbe haoni ubaoni, tulikuja kugundua macho baada ya muhula mzima wa mi kumpa maneno ya kumtia moyo. Nilijisikia vibaya we acha tu.

Nikimsifia sana si atadeka? Au avimbe kichwa?

Inategemea unamsifia nini. Huku kwetu shuleni kuna majina mawili, kipanga na kilaza. Kipanga ndo yule anayepasua kila mtihani, na sisi wazazi tunapenda sana kusema mbele ya wageni "huyu wangu kipanga huyu". Nilidhani najenga.

Huyo huyo Dweck na mwenzake Claudia Mueller mwaka 1998 walitoa utafiti wa watoto wa kama darasa la tano. Waliwapa mafumbo mepesi, wote wakafanya vizuri, alafu wengine wakaambiwa "lazima una akili sana" na wengine wakaambiwa "lazima umejitahidi sana". Sentensi moja tu ndo imetofautiana. Walipopewa kuchagua kazi inayofuata, wale wa akili wengi walichagua nyepesi ya kulinda jina, wale wa kujitahidi karibu wote wakachagua ngumu ya kujifunza. Wakapewa mtihani mgumu wote wakachemka. Baada ya hapo wakapewa mwepesi tena kama ule wa kwanza, wale wa akili wakashuka kuliko walivyoanza, wale wa bidii wakapanda. Na kilichonishtua zaidi, walipoambiwa wawaandikie watoto wa shule nyingine walipata ngapi, katika wale walosifiwa akili karibu 4 kati ya 10 walidanganya maksi. Mtoto ukishamvika kofia ya kipanga ataiba ili isivuke kichwani.

Kwaiyo mi sa hivi nasifia kitu nilichokiona kwa macho. "Nimekuona umefuta mara tatu ukaandika tena." "Leo umemuuliza mwalimu, jana uliogopa." Na nasifia kidogo. Watoto si wajinga, ukimsifia kwa kumaliza uji anajua unamchezea.

Nisiwadanganye pia. Haya mambo yamejaribiwa mashuleni kwa upana, kuna jaribio kubwa la Marekani lilitoka 2019 lilikuwa na wanafunzi kama 12,000 hivi wa sekondari, faida ilionekana kwa waliokuwa nyuma darasani ila ilikuwa ndogo. Ndogo siyo sifuri, ila anayewauzia semina kwamba mtoto atabadilika kwa wiki mbili anatafuta hela yenu.

Kaleta ripoti kashika namba 58 kati ya 74. Hapo nakuaje chanya jamani?

Pole. Hiyo siku naijua, unafungua ile karatasi unaanza kuhesabu ada kichwani.

Kwanza usiongee chochote dakika tano za mwanzo, kunywa maji. Sentensi ya kwanza inayotutoka wengi ni "kwani huyo wa kwanza ana vichwa viwili?". Tumeambiwa sisi, tunawaambia wao. Sasa fikiria mtoto anajibu nini. Akisema hana, basi mimi ndo mbovu. Akinyamaza ni jeuri. Swali halina jibu ni fimbo tu imevaa nguo za swali.

Mi nafanya hivi. Namwambia asome ripoti mwenyewe kwa sauti, kila somo na maksi zake. Alafu namuuliza lipi limekushangaza. Wengi kuna somo moja wamepanda bila hata wao kujua, Kiswahili kimetoka 31 kimefika 38 kati ya 50, na sisi tumekimbilia namba ya darasa hatujaona. Namba ya darasa haikwambii mtoto anajua nini, inakwambia wenzake wako wapi, unaweza ukapanda maksi ukashuka namba kwa sababu darasa lote limepanda. Hata NECTA kwenye matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kama wao wenye mtihani wameacha kupanga watoto mstari, na sisi sebuleni tupunguze.

Baada ya hapo ndo mnakaa chini na somo MOJA. Siyo yote saba. Muulize wapi panamkwama, na "nitajitahidi" usiikubali kama jibu maana hiyo kila mtoto anaijua, ni kama "nipo njiani" ya watu wazima. Atafanya nini, siku gani, na nani. "Jumanne na Alhamisi baada ya kuoga, hesabu za sehemu, na kaka." Hiyo inashikika.

Na kusema ukweli wa hali ruhusa. "Hesabu umepata 12, ni ndogo, tunahitaji kuipandisha." Wengine wanadhani kuwa chanya ni kusema 12 ni nzuri. Mtoto anajua si nzuri, ukimwambia nzuri siku nyingine hatakuamini hata ukisema kweli.

Hayo si mambo ya kizungu? Sisi tulilelewa kwa fimbo na tumekuwa watu.

Tumekuwa watu ndio, na wengine wetu mpaka leo tukiambiwa tuongee mbele ya watu wawili mikono inatetemeka.

Ila la uzungu nakataa. Wazee wamesema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, kabla Seligman hajazaliwa. Na angalia vitendawili. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unafanyaje? Unatoa mji. "Nakupa Bagamoyo." "Sitaki." "Haya chukua Zanzibar." Anakaa kwenye huo mji wako anakula raha zote, alafu anakupa jibu, na mchezo unaendelea. Hebu ona hiyo shule ilivyokaa, mtoto kashindwa mbele ya ukoo mzima, kakubali kashindwa, kalipa mji wa uongo, kacheka, kajifunza jibu, na kesho yeye ndo anawategea wengine. Mdako vilevile, kijiwe kimedondoka unampisha mwenzio unasubiri zamu irudi. Watoto wetu walikuwa wanafundishwa kushindwa bila kufa, jioni, bure, kwenye mkeka.

Kwaiyo Luku ikikata na hela ya umeme mpaka kesho, msikae kwenye giza kila mtu na simu yake. Tegeaneni. Kwetu siku za giza ndo siku watoto wanazokumbuka.

Kuhusu fimbo, rudi kwa wale mbwa. Mtoto anayechapwa akikosea hesabu, na anakosea kwa sababu hajaelewa, anapigwa akijitahidi na anapigwa asipojitahidi. Anajifunza hakuna kinachosaidia. Baadae tunamwita mvivu. Mi nilichapa darasani, nimeona kwa macho yangu mkono wa mtoto unaacha kunyooka kujibu maswali, na haukunyooka tena mwaka mzima.

Mtoto wa kiume akilia nimwambie mwanaume halii?

Usimwambie. Mwache alie, muulize kimetokea nini. Hasira nyingi za wavulana wa darasa la sita na la saba ni machozi yaliyokosa pa kutokea.

Mama mkwe (au dada wa kazi, au baba yao) anamwita "zezeta", "mvivu kama baba yako". Namwambiaje bila kuvunja nyumba?

Hapa sasa.

Kwa mama mkwe usiende na somo. Usimwambie "mama unamharibu mtoto", yeye kamlea mumeo ukampenda ukaolewa nae. Mi nilienda jioni ametulia, nikamsalimia, nikakaa chini nikiwa nachambua mchele, nikamwambia "mama naomba unisaidie kitu, mjukuu wako mwalimu kasema anajidharau darasani, nilikua naomba wewe ndo umwambie neno maana wewe anakusikia kuliko mimi". Na kweli anamsikia. Tangu siku ile yeye ndo anaita "mume wangu njoo nione daftari", na akisahau akatoa neno anajirudi mwenyewe. Mpe kazi, usimpe lawama.

Dada wa kazi ni rahisi zaidi ila tunamsahau. Yeye ndo anakaa na mtoto toka saa kumi mpaka sisi tunarudi saa mbili usiku. Kama sisi tunamwita yeye "we mjinga hujui hata kupika ugali", hilo neno litashuka mpaka kwa mtoto kabla ya kulala, ni kama maji hayapandi mlima. Muongeleshe vizuri, alafu ndo umwombe amuongeleshe mtoto vizuri.

Baba yao, ongeeni chumbani. Msibishane mbele ya mtoto kuhusu yeye.

Anasema anataka kuwa rubani na maksi ni hizo. Nimkatishe au nimwache aote?

Mwache aote ila usiishie kwenye kuota. Kuna profesa Mjerumani, Gabriele Oettingen, amechunguza hili jambo tangu miaka ya 1990, akakuta watu wanaojipigia picha nzuri tu ya mafanikio mara nyingi wanafanya kidogo kuliko wengine, kama vile akili imeshalipwa mshahara kabla ya kazi. Inayosaidia ni kuota ALAFU kuangalia kizuizi kilichoko ndani yako, na kupanga utakifanyaje.

Nyumbani tumeifanya maswali manne ya kawaida. Unataka nini? Ukipata itakuaje, niambie utakavyojisikia? Nini ndani yako kitakuzuia? Kikija utafanyaje? Yule wa dada yangu anataka kuingia timu ya shule ya netiboli. Nikamuuliza kitakachokuzuia nini, akafikiria, akasema "nikikosa goli nasusa". Mtoto wa miaka kumi kajijua hivyo! Tukapanga, akikosa goli anafunga macho anahesabu mpaka tatu alafu anakimbilia nafasi yake. Hajachaguliwa bado, msimu huu ni wa akiba. Ila hajasusa.

Rubani akifika kidato cha pili fizikia itamwambia yenyewe. Hamna haja wewe kuwa NECTA wa ndoto zake akiwa darasa la tatu.

Mimi mwenyewe nina stresi, biashara imekufa, kodi ya nyumba inadaiwa. Uchanya wa kumpa mtoto nautoa wapi?

Nakuelewa, na wanaosema mzazi lazima awe na furaha muda wote hawajawahi kudaiwa kodi.

Kuna kisiwa kinaitwa Kauai kiko Hawaii. Mtafiti Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafatilia watoto wote waliozaliwa pale mwaka 1955, watoto 698, mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Karibu theluthi walikuwa kwenye mazingira magumu kweli, umaskini, ugomvi, pombe, wazazi wagonjwa. Na katika hao wa mazingira magumu, mmoja kati ya kila watatu alikuwa mtu mzima mzuri tu, anayejimudu na anayejali wengine. Walichokuwa nacho wengi ni angalau mtu mzima mmoja aliyewashikilia bila kuyumba, na mara nyingine siyo hata mzazi, ni bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

Kwaiyo kama we leo huna nguvu, tafuta nani mwingine yupo. Mjomba anayempigia simu Jumapili. Mwalimu wa madrasa au wa Sunday school. Jenga daraja na huyo, na wala siyo aibu.

Na stresi usiifiche mpaka unalipuka. Mtoto akiona umenuna bila maelezo atajipa maelezo mwenyewe, na maelezo ya mtoto karibu siku zote ni "mimi ndo nimekosea". Mwambie kwa kipimo chake: "Mama leo ana mawazo ya hela ya nyumba, siyo kosa lako, kesho naenda kuongea na mwenye nyumba tupange." Hapo umemuonesha fikra chanya mubashara, tatizo lipo, silo la milele, na kuna hatua moja.

Nianze akiwa na umri gani?

Akianza kuelewa maneno. Wa miaka mitatu anaokota alichomwaga, anasikia "kimemwagika, lete kitambaa" badala ya "we mtoto mbaya". Hiyo tayari ndo yenyewe.

Na hujachelewa kama ana kumi na tano. Ila wa kumi na tano usimhutubie, ongea nae mkiwa mnafanya kitu, mnaosha gari, mnakatakata mbogamboga. Macho kwa macho wanaona kama wako kituo cha polisi.

Kuna kitu kifupi cha kufanya kila siku? Sina muda kabisa.

Kabla ya kulala kila mtu anataja kitu kimoja kizuri cha leo NA yeye alihusikaje, au kwa nini kimetokea. Hiki kipande cha "kwa nini" ndo chenyewe, Seligman na wenzake waliijaribu kwa watu wazima kwa kuandika vitatu kila usiku na sababu zake. Sisi tunataja kimoja kwa mdomo maana daftari lilipotea wiki ya kwanza. Mwanzo majibu yatakuwa "nimekula chipsi". Poa. "Kwa nini ulikula chipsi?" "Kwa sababu nilitunza hela ya jana." Eeeh, ona sasa!

Siku mtoto akisema leo hamna kizuri, kubali. Usimkamue. Mwambie basi leo ilikuwa mbaya, lala, nipo.

Dini inaingiaje hapa? Mi namwambia tu Mungu atasaidia.

Endelea kumwambia, na mi nasema inshallah kila saa. Angalia tu lisije likawa neno la kufungia mazungumzo. Mtoto kasema ananyanyaswa na mwenzake kwenye kigari cha shule, ukasema "muombe Mungu" ukageukia tamthilia, amesikia kwamba hutamsaidia. Ombeni pamoja, alafu kesho asubuhi muongee na dereva.

Simu na katuni zinaharibu fikra?

Mi wasiwasi wangu mkubwa ni usingizi. Watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanatakiwa kulala masaa 9 hadi 12 kwa siku, na wetu wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule. Piga hesabu mwenyewe alale saa ngapi. Mtoto aliyelala saa sita usiku lolote utakalomwambia kuhusu kufikiria chanya anasinzia nalo. Toa simu chumbani, ndo ushauri wangu wote.

Ntajuaje kwamba hili limezidi mzazi, linataka mtaalamu?

Hapa naomba usome taratibu. Kama wiki mbili na zaidi mtoto hana raha hata na vitu alivyokuwa anavipenda, kaacha kucheza, hali au anakula kupita kiasi, halali, anaumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule na hospitali hawaoni ugonjwa, kajitenga, maksi zimeporomoka ghafla, hayo siyo mambo ya "hujaweza". Kinaweza kuwa sonona, kinaweza kuwa kuna mtu anamuumiza na ameogopa kusema. Na kama ametamka kwamba anatamani asingekuwepo au anataka kufa, usiseme anatishia. Usimwache peke yake, muulize wazi wazi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Anza na kituo cha afya cha karibu waandike rufaa, hospitali kubwa kama Muhimbili zina kitengo cha afya ya akili. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo kila halmashauri. Na kuna namba 116, ni ya kumsaidia mtoto, inapigwa bure Tanzania na Kenya pia, unaweza kupiga wewe mzazi au mtoto mwenyewe. Mfundishe aijue kwa kichwa kama anavyojua namba yako.

Mtoto wangu sasa anatumia "sijaweza" kama kisingizio. Namuuliza umeosha vyombo anasema "sijaweza bado mama". Nifanyeje?

Hahaha karibu chama. Wangu wote wanne wamepita hapo, mmoja aliniambia "mama hii ni safari".

Muoneshe beseni lilipo, na sabuni.